Ng'ombe Wengi, Nyama Kidogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Nyama ya Ng'ombe Afrika

Kila zikizungumzwa habari za mifugo, iwe bungeni, mnadani au kwenye foleni ya bucha, maswali hujirudia yaleyale. Hapa chini yamejibiwa yale makubwa. Majibu yanagusa bara zima, ila mifano mingi ni ya Afrika Mashariki, ambako wasomaji wengi wa Kiswahili wanamjua ng'ombe kwa macho.

Afrika ina ng'ombe wangapi?

Makadirio yanasema zaidi ya milioni 350, karibu robo ya ng'ombe wote duniani. Ethiopia iko mbele kwa mbali, ikiwa na zaidi ya milioni 60. Nyuma yake zinagombania nafasi Sudan, Chad na Tanzania, kila moja ikitaja milioni 30 na ushei. Takwimu rasmi za Tanzania za 2022/23 zilitaja milioni 36.6.

Zisome namba hizi kwa tahadhari. Sensa ya mifugo ni kazi ghali na nchi nyingi hukaa miaka mingi bila kuifanya, kwa hiyo huchukuliwa hesabu ya zamani ikaongezwa asilimia kadhaa kila mwaka. Halafu mfugaji mwenyewe hapendi kuhesabiwa. Kumuuliza ana ng'ombe wangapi ni sawa na kumuuliza mtu ana akiba kiasi gani benki: atakutajia idadi ya kukuridhisha, si ya walio zizini.

Mbona basi nyama ni kidogo?

Kwa robo hiyo ya ng'ombe, Afrika hutoa karibu sehemu moja tu ya kumi ya nyama ya ng'ombe duniani. Tazama Afrika Kusini: ina ng'ombe wapatao milioni 12, lakini huzalisha takriban tani milioni 1 za nyama kwa mwaka. Tanzania yenye ng'ombe mara tatu ya hao haifikii kiasi hicho.

Sababu ya kwanza ni uzito. Ng'ombe wetu wa asili akishachinjwa, akatolewa kichwa, miguu, ngozi na matumbo, hubaki na kilo 100 hadi 130 hivi, mifupa ikiwemo. Mwenzake aliyenenepeshwa Afrika Kusini huvuka kilo 250. Sababu ya pili ni kasi. Kule karibu robo ya kundi huvunwa, yaani huchinjwa, kila mwaka. Katika sehemu kubwa ya Sahel (ukanda mkavu ulio kusini mwa Sahara) na Afrika Mashariki huvunwa takriban mmoja katika kumi, tena akiwa na miaka mitano, sita, saba, ameshapita kiangazi baada ya kiangazi akikonda na kunenepa upya. Ya tatu ni vifo vya ndama. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, peke yake inafagia ndama wengi mashariki na kusini mwa Afrika, ingawa chanjo yake ipo na wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameipokea vizuri, kwa sababu wameona kwa macho yao ndama waliochanjwa wakibaki hai.

Tusimlaumu ng'ombe mwenyewe. Huyu mdogo mwenye nundu hunywa maji mara moja kwa siku mbili, hutembea kilomita nyingi na huvumilia kupe ambao wangemlaza ng'ombe wa Ulaya kwa wiki moja. Ukimleta Angus, ng'ombe wa nyama wa Ulaya, hadi Simiyu bila josho na bila dawa, hutakula steki, utafukia mzoga.

Kwa nini mfugaji hauzi ng'ombe wakati bei ni nzuri?

Kwa sababu hakumfuga ili amuuze. Ng'ombe hutoa maziwa, hulipa mahari, hulima. Usukumani na katika nyanda za juu za Ethiopia dume la miaka minane ni trekta la familia, na huchinjwa likishachoka jembe. Zaidi ya yote ni kinga ya shida. Mwenye ng'ombe 60 ukame ukapita na 40 hubaki na pa kuanzia upya. Aliyekuwa na 10 huenda asibaki na kitu.

Ndiyo maana mfugaji huuza anapohitaji fedha, si ng'ombe anapofikia uzito. Tazama minada ya Januari, shule zinapofunguliwa. Na ndiyo maana pia bei ikipanda, wakati mwingine wanaoletwa mnadani hupungua: kama ada ilikuwa inahitaji madume mawili na sasa moja linatosha, la pili linabaki malishoni. Maofisa wengi wa mipango huliona jambo hili kama ujinga. Mimi naliona ni hesabu safi ya mtu asiyeiamini mvua ya mwakani.

Nyama ya Afrika inauzwa wapi hasa?

Sehemu kubwa kabisa huliwa ndani ya nchi ilikozalishwa. Inayovuka mipaka huvuka zaidi ikiwa hai, kwa kwato au kwa lori, kwenda kwa jirani. Vyombo vya habari hupenda picha ya kontena la nyama likipakiwa kwenda Ghuba au China, na mawaziri hupenda kupigwa picha mbele yake, lakini biashara yenyewe iko kwenye njia nyingine tatu: kutoka Sahel kushuka pwani ya Afrika Magharibi, kutoka Pembe ya Afrika kwenda Uarabuni na Misri, na mzunguko wa nchi za kusini. Afrika Mashariki ina mizunguko yake midogo: ng'ombe wa Tanzania wakiingia Kenya kupitia Namanga na njia nyingine nyingi zisizo na geti, wa Somalia wakishukia soko la Garissa, wa kusini mwa Ethiopia wakipitia Moyale, wa Uganda wakienda Kongo na Sudan Kusini.

Mwingi wa mwendo huu hauandikwi popote. Kwa hiyo ukisoma kwamba nchi fulani «imeuza nje tani elfu chache», jua kwamba hiyo ni ile nyama iliyopita mbele ya karani.

Njia ya Sahel inafanyaje kazi?

Mali, Burkina Faso, Niger na Chad zina malisho na hazina bahari. Ivory Coast, Ghana na Nigeria zina miji mikubwa na mbung'o. Mbung'o huyo amemzuia ng'ombe kustawi vizuri kwenye ukanda wa misitu, hivyo kwa karne nyingi kaskazini imeilisha kusini. Wafanyabiashara huwakusanya ng'ombe kwenye masoko kama Pouytenga nchini Burkina Faso, wakawasafirisha hadi soko la Port-Bouët mjini Abidjan. Biashara hii inaendeshwa kwa neno la mdomo. Mwenye ng'ombe wa Sahel hampi mnunuzi wa pwani mkataba. Humpa ng'ombe kupitia mwenyeji anayewadhamini wote wawili, na fedha hurudi baada ya majuma.

Kuna kisa cha njia hii kinachopaswa kujulikana na kila anayetetea au kupinga uagizaji wa nyama. Miaka ya 1980 Ulaya ilikuwa na akiba ya nyama iliyozidi mahitaji, ikailipia ruzuku ili iuzwe nje. Nyama hiyo ya barafu, nyingi ikiwa ya tumbo yenye mafuta, ilimwagwa Abidjan na miji mingine ya pwani kwa bei ambayo mfugaji wa Mali hangeweza kushindana nayo hata kama ng'ombe wake angejisafirisha mwenyewe. Masoko ya Sahel yalidorora. Kilichogeuza mambo ni vitu viwili vilivyokuja kwa pamoja: Ulaya ikapunguza ruzuku hiyo mwaka 1993 na 1994 baada ya kelele nyingi, na Januari 1994 faranga ya CFA, sarafu ya nchi nyingi za ukanda huo, ikashushwa thamani kwa nusu. Ghafla nyama ya nje ikawa ghali na ng'ombe wa jirani akawa rahisi. Hakuna mradi wowote wa mifugo uliowahi kuongeza mauzo ya Sahel kwa kasi ile, na ongezeko hilo halikuhitaji hata sindano moja ya chanjo.

Leo taabu za njia hii ni nyingine. Vita vya makundi yenye silaha vimefunga barabara na masoko kandokando ya Ziwa Chad na katikati ya Mali na Burkina Faso. Majimbo kadhaa ya Nigeria, Benue likiwa miongoni mwao tangu 2017, yamepiga marufuku uchungaji huria baada ya mauaji kati ya wakulima na wafugaji. Na Januari 2025 Mali, Burkina Faso na Niger zilijitoa rasmi katika ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, ambayo tangu 1998 ilikuwa na utaratibu wa cheti cha ng'ombe kuvuka mipaka.

Na Somalia? Inasemekana inaongoza kwa kuuza mifugo nje.

Inasemekana kweli. Mwaka 2014 Somalia ilisafirisha wanyama milioni 5: mbuzi na kondoo milioni 4.6, ng'ombe 340,000 na ngamia 77,000, vyote vikithaminiwa dola za Marekani milioni 360. Nchi isiyo na serikali imara iliyapita mataifa yenye wizara tatu za mifugo. Wengi wa wanyama hao hupita bandari za Berbera na Boosaaso kwenda Saudia na Yemen, na kilele chake ni majuma ya kuelekea Hija.

Lakini soko la mnunuzi mmoja ni kamba shingoni. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza hata watu, ilipozuka Saudia na Yemen mwaka 2000, Saudia ilifunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika na haikuufungua hadi 2009. Miaka tisa. Familia za wafugaji zilizozoea kubadilisha mbuzi kwa mchele na sukari ziliishi kwa fedha za ndugu walioko ughaibuni.

Kwa nini Botswana na Namibia zinauza Ulaya na sisi hatuuzi?

Jibu fupi ni uzio na ugonjwa mmoja. Jibu refu lina historia.

Mkataba wa Lomé wa 1975 ulizipa baadhi ya nchi za Afrika mgawo wa kuuza nyama Ulaya kwa ushuru mdogo. Kufikia miaka ya 1990 mgawo wa mwaka ulikuwa hivi: Botswana tani 18,916, Namibia 13,000, Zimbabwe 9,100, Madagascar 7,579, Swaziland 3,363. Na Kenya? Tani 142. Ni kontena chache tu, na hata hizo zilikuwa shida kuzijaza. Botswana yenyewe, kwa miaka mingi, haikuufikia mgawo wake wote.

Botswana ilikuwa na machinjio ya Lobatse tangu 1954, ikaunda shirika la nyama la taifa, ikajenga uzio wa waya kuzikata mbuga na malisho ili nyati wa porini wasikutane na ng'ombe. Namibia ina uzio unaoigawa nchi vipande viwili: kusini mwake ng'ombe hawana ugonjwa wa miguu na midomo wala hawachanjwi, na nyama yao hukubalika Ulaya; kaskazini, wanakoishi wafugaji wadogo wengi, ng'ombe hawaruhusiwi kuvuka kushuka. Mwaka 2019 Namibia ilianza kuuza China, na 2020 ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kupeleka nyama ya ng'ombe Marekani, tani 25 za mwanzo.

Uzio huo una gharama ambayo haionekani kwenye lebo ya steki. Nyumbu na pundamilia walikufa kwa kiu wakigonga waya nchini Botswana. Mfugaji wa kaskazini mwa Namibia hubeba mzigo wa uzio uliochorwa na wakoloni ili mwenye ranchi wa kusini apate bei ya London. Wanaosema Tanzania nayo ijenge uzio kuizunguka Serengeti wanapaswa kuanza na swali la nani atabeba gharama hiyo.

Huo ugonjwa wa miguu na midomo una ubaya gani? Ng'ombe si hupona?

Hupona, na hapo ndipo fadhaa ya mfugaji ilipo. Ng'ombe hutokwa malengelenge mdomoni na katikati ya kwato, hutiririsha mate, huchechemea, maziwa hukauka, na baada ya majuma kadhaa anarudi malishoni. Wazee wamemuona akipona tangu utoto wao. Lakini kirusi chake husambaa kwa kasi, na nchi zisizo nao humwogopa kama moto, kwa sababu kuingia kwake mara moja hufunga mauzo yao yote.

Kirusi kina aina saba, na chanjo ya aina moja haizuii nyingine. Tatu kati yake zinaitwa SAT na makao yake ni Afrika, ndani ya miili ya nyati wa porini ambao hawaugui. Ndiyo maana mfano wa sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoshindwa kwa chanjo, hautusaidii sana. Sotoka iliingia kupitia Massawa mwaka 1887, ikafagia hadi Rasi ya Tumaini Jema ndani ya miaka kumi, ikaua ng'ombe wanane hadi tisa katika kila kumi katika nchi nyingi; Wamaasai hawajausahau msiba ule. Chanjo iliyoimaliza ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani. Lakini kirusi cha sotoka kilikuwa cha aina moja kwa upande wa kinga, na hakikujificha kwa mnyama asiyeugua.

Njia iliyobaki, na nadhani ndiyo yenye akili, ni kuthibitisha usalama wa nyama yenyewe badala ya eneo zima. Nyama ikining'inizwa saa 24 kwenye ubaridi usioshuka chini ya nyuzijoto 2, pH yake (kipimo cha uasidi) ikashuka chini ya 6, kisha ikatolewa mifupa na tezi, kirusi hakiishi ndani yake. Kanuni za kimataifa za afya ya wanyama zinaitambua njia hii. Wanunuzi wakubwa wanaitambua kwa shingo upande.

Kenya ina mkataba mpya na Umoja wa Ulaya. Hautafungua mlango wa nyama?

Mkataba ulianza kazi Julai 2024 na unaondoa ushuru. Ushuru haukuwa tatizo. Mkaguzi wa mifugo akikataa, sifuri ya ushuru haina kazi.

Viwanda vya nyama vya Afrika Mashariki vilikwama wapi?

Mtu wa Dar es Salaam akitaja Tanganyika Packers leo anamaanisha viwanja vya Kawe panapofanyika mikutano ya injili na ya siasa. Zamani palikuwa na kiwanda cha kopo, chenye ubia na kampuni ya Liebig's, kilichopeleka nyama ya makopo Uingereza. Kenya ilianzisha Tume ya Nyama, KMC, mwaka 1950 na kiwanda chake cha Athi River kilifungwa na kufunguliwa mara kadhaa hadi serikali ilipokikabidhi Wizara ya Ulinzi mwaka 2020.

Uchawi unaoviua ni uleule kila mahali. Kiwanda kinahitaji ng'ombe wa uzito unaofanana, kila siku, mwaka mzima. Mfugaji ana ng'ombe wa kila umbo, na anawaleta akibanwa. Wakati wa ukame kiwanda hufurika mifupa, wakati wa mvua hukaa mikono mitupu. Juu ya hapo, mwenye bucha wa mtaani hulipa fedha taslimu papo hapo, na kiwanda cha umma hulipa baada ya miezi. Mfugaji aliyecheleweshewa fedha mara moja harudi.

Bei ya nyama buchani hupandishwa na nani?

Si mtu mmoja. Mfuate ng'ombe mmoja kutoka Shinyanga. Ananunuliwa mnada wa kijijini, anapelekwa mnada wa upili, tuseme Mhunze, anapakiwa Fuso kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Njiani kuna kibali cha kusafirisha, kuna ushuru wa halmashauri, kuna vizuizi. Juu ya bodi wanakaa vijana wenye fimbo, kazi yao ni kumwinua kwa mkia kila ng'ombe anayelala, maana aliyelala hukanyagwa na wenzake. Ng'ombe huyo anashuka Pugu amepoteza kilo nyingi kwa kiu na misukosuko ambazo mtu ameshazilipia.

Mnunuzi wa Pugu humpapasa kwenye nyonga, humtazama nundu, huhesabu mbavu zinazoonekana, hutaja bei. Dalali yuko katikati na ujira wake. Mzani unaweza kuwepo, lakini minada mingi bado inauza kwa macho, na macho ya mchinjaji anayenunua kila wiki ni makali kuliko ya mfugaji anayeuza mara nne kwa mwaka. Ng'ombe akifika machinjioni, nyama yenyewe mara nyingi hurudisha mtaji tu. Faida hutafutwa kwenye utumbo, kichwa, maini na makongoro. Zamani ngozi nayo ilisaidia. Bei ya ngozi imeanguka sana miaka ya karibuni na kuna machinjio yanayozitupa, hasara ambayo mlaji analipishwa kwenye kilo yake ya mchanganyiko bila kuambiwa.

Kwa hiyo mafuta yakipanda bei, nyama hupanda. Mvua ikinyesha vizuri nayo hupanda, kwa sababu wafugaji hawana shida ya kuuza. Hili la pili huwachanganya wengi wa mjini.

Afrika Kusini imewezaje kutoa nyama nyingi?

Imetenganisha kazi. Mwenye ranchi huuza ndama akiwa na miezi saba hivi na kilo zipatazo 220. Maeneo ya kunenepeshea huwalisha mahindi na vyakula vingine kwa takriban miezi minne, wakachinjwa wakiwa wachanga na laini. Karibu robo tatu ya nyama ya ng'ombe nchini humo hupita huko. Namibia nayo huwauzia ndama. Udhaifu wa mfumo ni kwamba unaishi kwa bei ya mahindi, na kwamba ng'ombe wengi sehemu moja ni karamu ya ugonjwa. Januari 2019 nchi hiyo ilipoteza hadhi ya kuwa na eneo huru la ugonjwa wa miguu na midomo. Agosti 2022 ikasimamisha mwendo wa ng'ombe nchi nzima kwa siku 21. Na 2025 ugonjwa ukaingia hadi kwenye maeneo makubwa ya kunenepeshea.

Kunenepesha kunawezekana kwetu pia. Kanda ya Ziwa wapo wanaowalisha madume mashudu ya pamba na pumba kwa miezi mitatu kabla ya kuwapeleka mjini. Ila hesabu yao husimama pale tu bucha inapolipa zaidi kwa nyama laini, na bucha nyingi bado zinalipa kilo kwa kilo.

Mwafrika wa kawaida anakula nyama ya ng'ombe kiasi gani?

Wastani wa bara ni kilo 5 hadi 6 kwa mwaka, chini ya wastani wa dunia. Muargentina hula karibu kilo 50. Lakini wastani wa bara unaficha mengi. Afrika Kusini inakula takriban mara tatu ya wastani huo. Ethiopia, yenye kundi kubwa kuliko wote, ina Waorthodoksi wanaofunga nyama Jumatano, Ijumaa na siku 55 kabla ya Pasaka. Mabucha hufungwa, kisha siku ya Pasaka bei hupaa. Misri haina malisho ya kutosha na ni mnunuzi mkubwa: nyama ya barafu kutoka Brazil, nyama ya nyati wa kufugwa kutoka India, na ng'ombe hai kutoka Sudan. Vita vilivyoanza Sudan Aprili 2023 vimeivuruga njia hiyo ya mwisho. Misri pia ndiyo mteja mkubwa wa maini ya ng'ombe kutoka Marekani. Wamarekani hawayapendi, Aleksandria huyakaanga kwa pilipili na vitunguu saumu, ikayasokomeza kwenye mkate, na barabara nzima ikanukia.

Kuku hatachukua nafasi ya ng'ombe?

Ameshaanza. Afrika Kusini kuku alishampita ng'ombe zamani. Brojla hukomaa ndani ya wiki tano au sita, hahitaji malisho, na unaweza kumnunua mzima kwa bei ya kilo chache za steki. Mijini, bei ya ng'ombe ikipanda, wanaohama huhamia kwa kuku. Kinachobaki kwa ng'ombe ni supu ya asubuhi, mishkaki, pilau la shughuli na kilo moja ya Jumapili.

Kwa nini watu hukataa nyama ya barafu hata ikiwa salama zaidi?

Kwa sababu wanataka nyama iliyochinjwa alfajiri, inayoning'inia ikionekana, iliyopigwa muhuri wa daktari wa mifugo, na mtu wa kumwambia «nikatie kidari, usiniwekee mafuta». Kwa Mwislamu kuna na suala la nani amechinja. Katika nchi ambayo umeme hukatika, kutoiamini friji ya duka si ushamba.

Ukame umebadilisha nini?

Pembe ya Afrika ilikosa misimu mitano mfululizo ya mvua kati ya 2020 na 2022. Kenya pekee ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Wengi waliokufa wangeweza kuuzwa miezi mitatu kabla, lakini kila mtu akiuza kwa pamoja bei ya ng'ombe mkondefu huwa ya kutupa, na mwenye nacho husubiri mvua. Kenya ina bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010, inayolipa kwa kuangalia ukavu wa malisho kwa setilaiti badala ya kuhesabu mizoga. Inasaidia wanaoipata. Wengine wa Kaskazini wamehamia kwa ngamia, ambaye huvumilia zaidi, na hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyotangazwa.

Soko huru la Afrika lililoanza Januari 2021 limeleta tofauti?

Kwa nyama, bado kidogo. Kinachozuia ni karantini zisizotangazwa, vibali vya kila wilaya na uhasama wa mara kwa mara. Mwaka 2017 Tanzania ilipiga mnada zaidi ya ng'ombe 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho, na uhusiano ukachacha. Ng'ombe hao walikuwa na umbali wa siku moja ya kutembea kutoka kwao.

Hizi hereni za utambuzi wanazovishwa ng'ombe zina faida gani kwangu mimi mfugaji?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira ina msingi: mfugaji akisikia kuhesabiwa husikia kodi. Tanzania ilianza kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo mwaka 2025, na Botswana ilishawawekea ng'ombe wake alama za kielektroniki zaidi ya miaka 20 iliyopita kwa ajili ya soko la Ulaya. Kwa anayeuza Pugu pekee, hereni haitaongeza shilingi kwenye bei ya kesho. Itamsaidia akiibiwa, kama polisi na mnada wana kifaa cha kuisoma. Itamsaidia akitaka kuwauzia machinjio yanayopeleka Oman au Qatar, ambayo huulizwa ng'ombe ametoka wapi na amechanjwa nini. Kabla ya kuweka hereni, uliza mambo mawili kwa ofisa wa kata: nani analipa ikipotea, na taarifa za kundi lako zitaonwa na nani. Hakikisha namba ya chanjo ya kila ng'ombe inaandikwa hapohapo, mbele yako, na ubaki na nakala.